Sahani Iliyogoma Kufunguka

Mume wangu alipata kiharusi mwaka 2014, kiangazi kikielekea mwisho, wakati anajifunga kamba za viatu. Hakikumpata kazini, kama watu wa hapa kwetu Kibondo walivyokuja kusimulia baadaye. Alishika ukuta, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemsukuma, kisha akakaa chini taratibu na hakuweza kuinuka.

Alikuwa fundi wa kukereza mbao. Miguu ya vitanda, vinu, bakuli, nguzo za vibaraza, vyote vilitoka kwenye mashine yake moja iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya karakana yetu, nyuma ya nyumba. Kazi yangu ilikuwa kupiga msasa na vanishi. Mimi ni mzaliwa wa Nyakitonto, nimekulia kwenye mihogo na maharage, na mambo ya mbao nilijifunzia kwake. Lakini kwenye mashine yenyewe hakuwahi kuniruhusu nisimame. Alikuwa akisema kitu kile hakina adabu kwa mtu aliyevaa kitenge.

Aliporudi kutoka hospitalini, mkono wa kulia ulikuwa umekufa, mguu wa kulia aliuburuta, na mdomoni lilibaki neno moja tu: chai. Njaa ilikuwa chai. Kugeuzwa kitandani, chai. Ndiyo na hapana, zote chai. Ilibidi usikilize sauti na utazame uso ili ujue ni chai ipi. Daktari alinieleza, "Anaelewa yote mnayosema. Neno analijua, ila likifika mdomoni linageuka. Na msishangae akichanganya kushoto na kulia, inatokea."

Mvua zilikuwa zimekolea alipokuja mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo kutoka Kasulu, mama mmoja mpole. Kabla ya ugonjwa alikuwa ameagiza vigoda vya mviringo vya wanafunzi wake. Alimpa mume wangu pole, akakaa naye kidogo, kisha akanifuata jikoni.

"Mama, nisikufiche. Shule inafunguliwa Januari. Nitafute fundi mwingine, au wewe unaweza?"

Nilimjibu kuwa ninaweza. Sijui ulimi huo niliutoa wapi. Alipoondoka nilisimama palepale na mwiko mkononi, kwa sababu sikuwa nimewahi hata kuiwasha ile mashine peke yangu.

Mashine ile ina pande mbili. Upande wa kulia hukerezwa vitu virefu kama miguu ya meza. Upande wa kushoto, kwa nje, kuna sahani nzito ya chuma, na juu yake hukazwa mbao pana zinazotakiwa kuwa duara: bakuli kubwa, vigoda, meza ndogo. Ubao unashikwa kwa skrubu zinazopita nyuma ya sahani. Kuzifikia lazima sahani yenyewe ifunguliwe kwenye shafti, ule mhimili unaoizungusha, maana nyuma yake nafasi ni finyu, bisibisi haiingii. Na sahani ile ilikuwa bado imebeba bakuli la mninga aliloliacha nusu. Ilikaa hivyo miezi, mvua ikivuja juu yake kutoka kwenye bati bovu.

Asubuhi iliyofuata nilimsaidia mume wangu mpaka mlangoni mwa karakana, nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki. Nilipitisha nondo kwenye puli, gurudumu la mkanda, ili shafti isizunguke, nikaingiza spana kubwa kwenye shingo ya sahani, nikavuta kushoto, kama bolti yoyote inavyofunguliwa.

Haikutikisika.

"Chai," alisema mume wangu.

Nilivuta tena, mguu nikiwa nimeukita ukutani.

"Chai! Chai!"

Sauti ilikuwa ya ukali. Nilidhani ananikataza kuigusa mashine yake. Nilimimina mafuta ya taa kwenye shingo ya sahani, nikasubiri yapenye, nikavuta kwa uzito wangu wote mpaka spana ikachomoka na mimi nikaangukia maranda. Nilipoinuka, alikuwa anapiga paja lake kwa mkono wa kushoto na kutikisa kichwa. Nilimwendea.

"Hutaki niiguse? Basi niambie tutakula nini. Niambie!"

Macho yakamjaa maji, akageuza uso kuelekea uani. Siku hiyo hatukusemeshana tena, kama kwake kulikuwa na kusemeshana.

Kesho yake nilimwita shemeji, mdogo wake mume wangu, anayechomelea mageti hapohapo mjini. Ni mtu wa nguvu na wa haraka. Alikuja na bomba refu la maji, akalivalisha kwenye mpini wa spana ili liongeze nguvu, akatema mate viganjani na kuvuta. Mashine yote ililia. Sementi kwenye bolti za sakafuni ikapasuka ufa. Sahani ilibaki kama ilivyo.

"Shemeji, hii imeshikana na kutu, imekuwa chuma kimoja," alisema akihema. "Dawa yake ni grainda. Nitaikata shingo tu, halafu nitakuchomelea nyingine."

"Na ukigusa shafti?"

"Sitaigusa."

"Ukiigusa?"

Alipangusa jasho. "Nikiigusa, basi mashine imekwisha. Lakini sasa hivi inakusaidia nini?"

Mlangoni mume wangu alikuwa ameanza tena. Chai, chai, chai, haraka haraka, mate yakimtoka pembeni mwa mdomo. Shemeji hakugeuka. "Kaka anataka chai, mpelekee."

Nilimpelekea kwa sababu sikujua la kufanya. Alikipiga kikombe kwa nyuma ya mkono, kikaenda kuvunjikia kizingitini. Shemeji alichora alama ya chaki kwenye shingo ya sahani, akachomeka grainda ukutani, akaniangalia akisubiri neno langu. Niliitikia kwa kichwa. Grainda ikaanza kunguruma.

Sikumwona mume wangu akiinuka. Niliona tu kiti kimelala ubavu, naye yuko katikati ya karakana, mguu ukiburuta alama kwenye vumbi, bega likikwaruza ukuta. Tangu augue hakuwa amesimama bila kushikwa. Alijitupa kwenye waya wa grainda, akaung'oa kutoka kwenye soketi, akaanguka nao. Mlio ukafifia na kufa.

"Kaka!" Shemeji aliiweka grainda chini kwa hasira. "Unataka mkeo afe njaa? Mashine ni yako, sawa, lakini wewe huiwezi tena!"

"Usimwambie hivyo," nilisema.

"Nani amwambie, kama siyo mimi?"

Tulimwinua, mmoja kila upande. Hakutaka kurudishwa kwenye kiti. Alituvuta mpaka kwenye sahani, akaweka kiganja cha kushoto juu ya lile bakuli la mninga na kusukuma. Alisukuma kwenda kulia. Akanitazama. Akasukuma tena kwenda kulia, kucha zake zikikwaruza mbao.

"Chai," alisema, safari hii polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto.

Shemeji alicheka bila furaha. "Ameshachanganya. Huko ni kukaza."

Nilikumbuka maneno ya daktari kuhusu kushoto na kulia. Tungekaza tena kwa bomba lile, hata grainda isingetusaidia. Nilichuchumaa nyuma ya sahani na tochi ya simu. Palikuwa na nyuzi chache za shafti, ile mikato kama ya skrubu, zilizochomoza, zimejaa kutu na vumbi. Nilizifuta kwa kona ya kitenge changu. Nikazunguka kwenda upande wa kulia wa mashine, ambako nyuzi ziko wazi, nikazitazama. Nikarudi. Ilionekana kana kwamba hizi zinalalia upande mmoja na zile upande mwingine, lakini nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu huona anachotaka.

"Shemeji, hebu tazama na wewe."

Alitazama kwa muda mrefu. "Sioni tofauti," alisema. "Ni kutu tu."

Mume wangu alikuwa bado ameweka mkono palepale. Nilimuuliza, "Kulia?" Alifumba macho na kuyafumbua, mara moja, kwa utulivu ambao sikuwa nimeuona usoni mwake tangu atoke hospitalini. Huyo hakuwa mtu aliyechanganyikiwa. Huyo alikuwa fundi aliyechoshwa na wasaidizi wake.

"Tutavuta kulia," nilimwambia shemeji.

"Ikivunjika usinilaumu."

"Sitakulaumu."

Lakini tulikuwa tumeikaza siku mbili mfululizo, mimi na mafuta yangu ya taa, yeye na bomba lake. Tulipovuta kulia haikuachia pia. Niliona shemeji anaitupia jicho grainda. Nilikimbia jikoni, nikabandika maji, na yalipochemka nikarudi na sufuria, nikamimina kwenye shingo ya sahani kidogo kidogo ili chuma kipanuke. Nikarudia. Mvuke ulijaa karakana na harufu ya mninga uliolowa ikatanda. Shemeji alishika bomba mwishoni, mimi katikati, na mume wangu, aliyekuwa ameegemea benchi, akanyoosha mkono wake mzima na kushika karibu na spana. Sikuwa na moyo wa kumwondoa.

"Moja, mbili," alihesabu shemeji, na kabla ya tatu chuma kililia mlio mkali kama jino linalong'olewa. Nilijua shafti imekatika. Nilifumba macho.

"Imeachia," shemeji alinong'ona. "Shemeji, imeachia. Mama yangu! Nyuzi za kinyume!"

Ndivyo ilivyokuwa. Upande ule wa nje shafti huzunguka kwa namna ambayo nyuzi za kawaida zingejifungua zenyewe na kumrushia fundi sahani usoni, ndiyo maana waliotengeneza walizigeuza. Mume wangu alikuwa akilijua hilo miaka yote na hakuwahi kuona haja ya kumwambia mpiga msasa. Tuliizungusha sahani mpaka ikatoka, na kwa uzito ikatuponyoka. Bakuli la mninga likapasuka vipande viwili sakafuni. Nilimtazama, nikidhani atasikitika. Alikuwa anacheka, nusu ya uso tu ndiyo iliyocheka, huku amemshika mdogo wake shati. Shemeji naye alikuwa analia waziwazi na kuomba radhi kwa Kiha.

Vigoda vilichelewa kidogo. Cha kwanza nilikiharibu, patasi ikazama na ubao ukaruka mpaka kwenye bati. Cha pili kilikuwa kama yai. Mume wangu alikaa karibu na fimbo, na kila nilipokosea aliigonga sakafuni. Mwalimu mkuu alivipokea Kasulu shule ikiwa imeshafunguliwa, akavipindua kimoja kimoja kutazama chini, akasema vitafaa. Mwaka uliofuata maneno mengine yalianza kumrudia mume wangu. La kwanza lilikuwa "toka", alimwambia mbuzi wa jirani aliyeingia kula mihogo yangu niliyoianika, na mimi niliacha mashine ikizunguka nikakimbilia nje kulisikia.

Hakukereza tena. Mimi ndiye ninayekereza, na tunagombana karibu kila siku. Anapenda patasi inolewe kila baada ya kipande, mimi naona ni kuimaliza bure. Akizidisha kugonga fimbo, nazima mashine, naenda kupika, namwacha amekaa palepale na hasira zake mpaka aniite kwa sauti kwamba chakula kimechelewa.