Maneno Niliyomsemea Shemeji

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nyumba zenye kompyuta mjini Garissa zilikuwa chache, na yangu ilikuwa mojawapo. Nilikuwa karani, nimesoma hadi kidato cha nne, na niliringia mashine ile kupita kiasi.

Mama mkwe alisafiri kutoka Banissa kwa ajili ya mashine hiyo. Bintiye mdogo alikuwa amechumbiwa. Baba alishafariki, kwa hiyo walii wa kumwoza alikuwa kaka yake, aliyekuwa Kanada. Mama alitaka jibu moja tu: mwanawe atakuja, au nikaha ifungwe bila yeye? Na alitaka kumwona usoni akilijibu. Shemeji huyo akajirekodi, akaiweka video kwenye mtandao, akaniandikia mahali pa kuipata.

Nilipiga simu ya mtandao baada ya alasiri, modemu ikalia, nikabonyeza. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai uso kwa uso, kwa hiyo mimi nilielekea kioo, naye alichungulia kutoka mlangoni, nyuma ya pazia. Picha ilikuwa ndogo kama kiganja. Shemeji akasema, “Mama, nime…” akaganda. Akaruka, akaganda tena.

“Mbona amekwama mdomo wazi kama mbuzi anayenyweshwa dawa?” mke wangu akauliza.

“Subiri, ni joto tu.”

Niliielekezea mashine feni. Nikapuliza vumbi, nikafunga kila kilichokuwa wazi kwenye mashine, nikachomoa simu ya sebuleni, nikaipunguza picha ikazidi kuwa ndogo. Shemeji akasema “Ramadhani”, akaganda.

“Wallahi, hata taar ya sokoni ni bora,” mke wangu akasema, na jamaa waliojaa chumbani wakacheka.

Taar ni ile redio ya upepo tuliyotumia kuzungumza na ndugu wa mbali. Sauti hukatikakatika, na anayeishika huwarudilia wasikilizaji maneno, akiziba mapengo kadiri anavyoelewa. Niliwahi kuifanya kazi hiyo ujanani. Kwa hiyo mama mkwe alipouliza kutoka nyuma ya pazia, “Anasemaje, mkwe?” hakuona ajabu kuniuliza, nami sikusita kujibu.

“Anasema atakuja baada ya Ramadhani, inshallah.”

Nilikuwa nimesikia “Ramadhani”. Mengine yote yalikuwa yangu. Nilitaka kicheko kikome.

“Alhamdulillahi!” Wanawake wakapiga vigelegele. Siku hiyohiyo mama mkwe alituma ujumbe Banissa kwamba wakwe wasubiri.

Baadaye niliirudia video nikiwa peke yangu. Natamani ningeweza kuandika kwamba nilisutwa na dhamiri, lakini nilichotaka ni kuishinda mashine. Nikagundua kosa langu: nilikuwa nikiicheza video wakati bado inaingia, tone kwa tone, kwa waya wa simu. Nikaiacha iingie yote kwanza, ndipo nikaifungua. Shemeji akazungumza bila kukwama hata mara moja.

“Mama, nimekosa vibali vya kusafiri. Ramadhani itapita bila mimi. Ami awe walii badala yangu. Msinisubiri.”

Nikaizima. Ningeweza kwenda sebuleni wakati ule ule, mama mkwe alikuwa pale akinywa chai. Sikwenda. Nilijiambia pengine vibali vitapatikana. Ramadhani ikaingia, ikaisha. Mama akanunua shuka jipya la mwanawe, akawa anaulizia kila basi la Nairobi. Siku chache baada ya Idi habari ikafika kutoka Banissa: wakwe wamechoka kuzungushwa, wamemposea kijana wao kwingine.

Ndipo nilipomwita. Niliifungua video, nikatoka, nikasimama nje ya mlango ili aweze kuketi karibu na kioo pamoja na mke wangu. Nilimsikia mwanawe akizungumza mwanzo hadi mwisho.

“Mkwe,” mama akaita. “Irudishe pale anaposema anakuja.”

“Hapapo, mama.”

“Nilisikia siku ile.”

“Hakusema.”

“Basi nani alisema?”

“Ni mimi.”

Sikumsikia akilia, wala hakunitukana. Alimgeukia mke wangu. “Mwambie mumeo,” akasema, nami nimesimama hatua mbili kutoka pale, “anitafutie basi la kesho.”