Jiwe Pacha la Fidea

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, enzi za Mwingereza, nikiwa mwanafunzi wa ualimu kule Masasi. Rafiki yangu Fidea alifungua kitambaa akanionyesha jiwe la kahawia lenye umbo la msalaba. Marehemu baba yake aliliokota kijitoni, akamwachia. Mimi nikacheka.

"Hayo ni mawe mawili. Mtu kayagandisha kwa ulimbo."

"Limetoka ardhini hivyo hivyo," akasema Fidea.

Sikumwamini. Alipokwenda kuteka maji nikalitumbukiza kwenye maji ya moto ili ulimbo uyeyuke. Halikuachana. Udadisi ukanipanda kichwani, nikachukua nyundo. Likapasuka vipande vitatu, na ndani hapakuwa na ulimbo wala nini. Fidea aliporudi hakunitukana. Aliviokota kimoja kimoja, akaondoka. Afadhali angenipiga.

Nilimkimbilia Mwalimu Agnesta, aliyetufundisha hesabu, nikamweleza yote. Hakunikaripia. Alinipa karatasi ya miraba, akaniambia nipige nukta: kwenda kulia kila mraba mmoja, kwenda juu kila mraba wa tatu.

"Chembe za fuwele, mawe kama lile la Fidea, hujipanga kwa hesabu namna hii," akasema.

Nikazinakili nukta zile kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha cha chini yake, nikailaza juu ya ile ya kwanza, nikaizungusha robo ya mzunguko. Nyingi hazikukutana. Lakini kila baada ya miraba mitatu, nukta ilikaa juu ya nukta! Nikaizungusha tena na tena, kama mtoto aliyepata kichezeo.

"Hapo ndipo fuwele mbili hushikana zinapokua," akasema. "Tunaziita pacha. Haya, umejua. Na mwenye jiwe je?"

Fidea hakutaka kunisikia, basi Jumamosi nikapanda lori hadi Newala, kwa mama yake. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaungama kosa langu, nikamwonyesha na zile karatasi. Alizizungusha mwenyewe mpaka nukta zikakutana.

"Baba Fidea alikuwa akisema mawe hayo mawili yamezaliwa pamoja," akasema. "Mbona hukumwuliza Fidea akueleze?"

Nikamwomba radhi. Mwaka mzima ulipita kabla Fidea hajaongea nami kama zamani.

Basi, mwanangu, uwe mdadisi, usichoke kutaka kujua. Ila kwanza tazama, pima, chora, na umsikilize aliyeishi na kitu hicho kabla yako. Nyundo iwe ya mwisho, tena kwa ruhusa ya mwenyewe. Mungu akujalie akili inayouliza na mkono usio na pupa.