Kidole Gumba cha Askari

Leo nimemchoma askari kwa kijiti cha moto, akanishukuru!

Wallahi sielewi.

Alikuja mlangoni asubuhi na bunduki begani. Nikajua amekuja kuniuliza tena habari za kaka yangu, aliyeingia porini na hao waasi wanaowaita mashifta. Nikaanza kuapa sijui aliko.

Kumbe si kaka aliyemleta.

Akaninyooshea mkono. Kifundo cha mkono kimevimba, kidole gumba hata hakikunjiki. Ni kukata miiba ya huo uzio ambao askari wametuzungushia hapa kijijini Ijara.

Akayatazama makovu matatu mkononi mwangu. "Mama, hapo ulitibiwa nini?"

Nikamwambia ni ugonjwa huohuo. Mimi niliupata kwa kukamua mbuzi, na kwetu dawa yake ni moto.

"Basi nichome."

Askari! Nimchome mimi!

Nikatia kijiti motoni, ncha ikawa nyekundu, nikamgusa mara tatu juu ya mshipa. Akauma kola ya shati, hakulia.

"Asante, mama. Kidole kikipona nitaweza kuishika bunduki na kufyatua tena."

Akaenda zake.

Jamani, kaka yangu bado yuko porini. Niambieni, leo nimefanya nini?