Kitumbua cha Bi Mwanakombo

Enzi zetu, sisi tuliokulia nyuma ya Msambweni kabla lami haijafika, utoto ulinukia moshi wa makumbi, mbaazi zilizopikwa kwa tui zito na vumbi la chaki. Tulicheza kibe mpaka mama zetu watuite kwa majina kamili, nasi tukajua kwamba mchezo umekwisha. Mpira tuliufunga wenyewe kwa matambara na kamba za migomba. Wajukuu wangu, ambao hununuliwa mpira wa dukani wakauacha uvunguni, huniuliza iwapo tulikuwa maskini. Sikumbuki kuwa na nafasi ya kulifikiria jambo hilo.

Hata hivyo, sikushika kalamu ili niusifu utoto. Wenzangu wa rika langu huandika kana kwamba tulilelewa peponi. Mimi nilimzika dada yangu nikiwa na umri wa miaka tisa, na nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa ulimi wangu. Ya kusikia nimeyaacha.

Nyumba za Wakristo kijijini kwetu zilikuwa nne. Kanisa lilikuwa banda la makuti, na kengele yake ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mkoroshoni. Baba yangu alifundisha katekisimu, na kijiji kizima, Waislamu kwa Wakristo, kilimwita Mwalimu. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwanakombo, mjane wa Kiislamu asiye na mtoto, aliyekaanga vitumbua kila alfajiri na kuviuza kando ya njia. Vilivyovunjika hakuviuza. Alituita mimi na dada yangu Mbodze, aliyekuwa na miaka mitano, akatugawia. "Mimi nasema bismillahi," alikuwa akituambia, "na nyinyi semeni ya kwenu, upesi, kabla havijapoa."

Wakati wa masika Mbodze alishikwa na homa. Baba alikuwa amekwenda Waa kwa shughuli za kanisa, na mpunga wa mama huko bondeni ulikuwa umezidiwa na magugu. Mama aliniagiza nikae na mgonjwa, na mwili ukizidi moto nimkimbilie shambani. Mwili ulizidi moto. Niliugusa kwa mkono wangu. Lakini wenzangu walikuwa wakicheza mpira nyuma ya kanisa, nikajiambia kwamba nitakwenda kidogo tu. Niliporudi, dada yangu alikuwa akitetemeka mwili mzima na macho yamegeuka. Ndipo nilipokimbia. Mama alimbeba mgongoni kuelekea hospitali, na hawakufika nusu ya njia.

Jioni hiyo wanawake walijaa uani. Mmoja aliniuliza mtoto alikula nini. Nilifahamu kwamba swali litakalofuata ni mimi nilikuwa wapi, kwa hiyo nikajibu haraka kwamba alikula kitumbua cha Bi Mwanakombo. Ulikuwa ukweli. Sikusema kwamba kitumbua hicho kililiwa juzi yake, wala kwamba nusu yake niliila mimi.

Neno langu lilitoka uani kwetu jioni. Liliporudi asubuhi kutoka kisimani sikulitambua. Kitumbua kilikuwa kimetolewa wakati wa magharibi, kwa mkono wa kushoto, huku mtoaji akinong'ona. Mwanamke mmoja aliapa kwamba alishuhudia, ilhali wiki hiyo nzima alikuwa Lunga Lunga kwa mwanawe. Hakuna aliyemwuliza aliona akiwa wapi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "watu wanasema", mimi huuliza watu hao wanaitwa nani.

Kwa desturi ya kwetu, nyumba yenye msiba haiwashi moto. Majirani ndio huleta chakula. Bi Mwanakombo alileta chungu cha wali wa nazi kama wengine. Hakuna aliyekigusa, na wali ukamwagiwa kuku. Siku ya pili alileta tena, ukamwagwa tena, naye akiona. Aliokota chungu chake, akakiosha, akarudi kwake.

Siku ya tatu alifika mjomba, kaka mkubwa wa mama, kutoka Kinango. Kwetu mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake, na yeye alitaka twende kwa mpiga ramli tukapewe jina la muuaji. Vijana walikwisha kukaa nje na mapanga yao, wakijifanya wanapasua kuni. Hapana aliyekuwa na shaka jina litakuwa la nani, wala ni kitu gani kitafuata. Baba yangu, aliyetufundisha Jumapili baada ya Jumapili kwamba uhai wetu u mikononi mwa Mungu, hakuwa ameifungua Biblia tangu aliporudi kutoka Waa kwa maziko. Mjomba alipomwambia kwamba wataondoka baada ya adhuhuri, nilimwona akiinama kufunga kamba za viatu.

Nilikwenda kwa mama, aliyekuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, nikamwambia sikioni yote: joto la mwili, mpira, na nusu ya kitumbua. Nilitaraji kipigo. Alinitazama kwa muda mrefu, na uso ule sijauona tena kwa mtu yeyote, wala siombi kuuona.

"Nusu ulikula wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Na hukuumwa?"

"Sikuumwa."

Aliinuka, akakivuta chungu cha siku hiyo cha Bi Mwanakombo, akaketi nacho kizingitini mbele ya wanaume, akala. Alikula tonge baada ya tonge, bila njaa, machozi yakishukia wali, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mjomba alimwuliza iwapo anajua kwamba anakula chakula cha mkono uliomwua mwanawe.

"Kaka," mama alisema, "aliyemwacha mwanangu peke yake ni huyu mwanangu mwingine, na mimi niliyekwenda kupalilia mpunga. Kama unatafuta jina, anza na sisi."

Kisha akamgeukia baba. "Mwalimu, vua viatu. Kule utapewa jina, lakini Mbodze hayuko kule. Wewe ndiye uliyenifundisha aliko, nami nikakuamini. Usiniache hapa nilipofika."

Baba alikaa chini. Viatu hakuvivua upesi. Mjomba aliondoka kwa hasira, na miaka mingi ilipita kabla hajakanyaga tena kwetu. Wale vijana walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akikumbuka kazi aliyoiacha kwao. Jioni baba alianza sala, akakwama katikati, na mama akaimalizia.

Nisieleweke vibaya. Mama hakupona. Alinisamehe kwa maneno siku ileile. Kwa macho ilimchukua miaka. Bi Mwanakombo aliishi hadi akawa kipofu kwa uzee, akafia kitandani mwake mwenyewe, na mama ndiye aliyekuwa amemshika mkono.

Siku hizi uvumi hauchoki njiani. Vijana wetu wa Ukunda, ambao hawawezi kusoma ukurasa mmoja bila kupiga miayo, husambaza jina la mtu kwa simu kabla maiti haijaoshwa. Wazee wenzangu wanapaka mvi zao rangi nyeusi kwa hofu ya kuitwa wachawi. Mimi sipaki. Sidai kwamba enzi zetu watu walikuwa wema zaidi. Nimekwisha kueleza mimi nilikuwaje. Ninachokikosa ni mtu mmoja tu katika kila msiba, yule mwenye uchungu kuliko wote, wa kusimama na kusema basi. Mama aliweza kwa sababu alikuwa na hakika kwamba atamwona tena mtoto wake, na aliye na hakika hiyo hana haja ya damu ya jirani. Nimeishikilia imani hiyo maisha yangu yote, mara nyingine kwa vidole viwili. Naamini nitamwona Mbodze. Sitahitaji kuanza kumsimulia. Mama atakuwa amekwisha kumweleza, na atakuwa amemweleza kweli tupu.