Makanga Alimmwaga Mke Wangu Kwenye Rejeta

Alhamisi, tarehe 20 Novemba 2003, pale Kajiado, makanga wa basi alimmwaga mke wangu kwenye rejeta.

Ngoja. Usipigie polisi. Watakuambia gari yao haina mafuta.

Nakhumicha alikuwa ameshafariki, miaka mitano. Kilichomwagwa ni maji yake. Lakini kwangu ilikuwa kitu kimoja.

Kwetu Kitengela maji tulinunua kwa mkokoteni wa punda. Na kwa duka la nyama palikuwa na kalenda yenye picha ya maporomoko ya Zambia. Maji yanaanguka, moshi unapanda mpaka mbinguni. Nakhumicha akiiona anasahau nyama.

"Baba Valerie, siku moja nipeleke nioge pale. Bila kuhesabu ndoo."

Nikasema nitampeleka. Ugonjwa ukafika kwanza.

Nilimzika kwa kaploti ketu, kando ya mfereji ambao mheshimiwa fulani alituwekea wakati wa kampeni. Alikata utepe, akapigiwa makofi, akaenda zake. Mfereji haujawahi kutoa hata tone.

Basi nikaapa: kama yeye hawezi kwenda kwa maji, maji yatakuja kwake. Nitayamwaga pale kaburini kwa mkono wangu.

Jirani yangu Lemein alicheka, halafu akachukua fimbo twende. Huyo aliwahi kunipa ng'ombe, ndiyo maana tunaitana pakiteng, kama ndugu. Ng'ombe huyo huyo nikamuuza tupate nauli, na hakununa.

Mimi shanta mgongoni na mtungi wa manjano. Yeye shuka na kibuyu cha maziwa. Wazee wawili, hakuna aliyewahi kuvuka Namanga, tunachekacheka kama watoto shule imefungwa!

Kila mahali, ubishi.

"Basi," nasema.

"Miguu," anasema Lemein.

"Mpaka Zambia?"

"Kwani Zambia imehama?"

Basi likashinda. Kutoka Arusha mpaka Mbeya alifumba macho. Pale nikataka treni, akakataa katakata.

"Gari isiyoweza kukwepa ng'ombe si gari, pakiteng. Hiyo ni kiburi."

Tukadandia lori la vitunguu hadi mpakani. Ng'ambo, upande wa Zambia, lori likakosekana. Ikawa ni treni tu. Akapanda ameshika fimbo, kama anachunga mabehewa.

Haikuchukua muda, kichwa kiko nje ya dirisha.

"Pakiteng! Miti inatukimbia!"

Kumtoa kwa hiyo treni ilikuwa vita.

Tukafika maporomoko. Upande wetu, mwamba mkavu. Kavu kama Kitengela.

"Nani amefunga maji?" nikamfokea askari wa pale. Mimi nikikosa maji, najua kuna mkubwa amefunga mahali.

"Ni kiangazi, mzee," akanijibu kwa Kiswahili cha kuokotaokota. "Njoo Aprili."

Nikakaa chini na mtungi wangu mtupu. Nchi tatu, bure kabisa.

Lemein akanyanyua fimbo yake. Akatembea juu ya mwamba akiangalia chini, vile wanatafuta maji kwao mto ukikauka. Akapiga mluzi. Kidimbwi! Maji yale yale, yamebaki kwenye shimo la jiwe.

Nikaoga na nguo zangu. Nikajaza mtungi. Yeye akajaza kibuyu.

"Hicho cha nini?"

"Kwetu punda mmoja habebeshwi maji yote."

Nilimcheka mpaka nikakohoa.

Kurudi, magari nilichagua mimi. Namanga nikaona basi limepakwa rangi mpya, linang'aa. Lemein akainama, akachungulia chini.

"Hili linatoka jasho."

"Panda, wacha ushamba."

Mtungi ukawekwa juu kwa keria. Kufika Kajiado, injini ikachemka. Mimi nikaenda kichakani kujisaidia. Kurudi, makanga ameshika mtungi wangu. Mtupu.

"Mzee, maji yako yametuokoa!"

Nikamkamata shati. "Huyo ni mke wangu umemwaga!"

Abiria wakarudi nyuma. Hapo ndipo rejeta ikalipuka. Moshi mweupe ukapanda, unanguruma, matone yanaturukia usoni. Kalenda kabisa!

Nikamwachilia. Nikaanza kucheka, siwezi kusimama.

"Mama Valerie, umeona?" nikaita. Kuna mama alianza kuniombea.

Jioni, kaburini, nimesimama mikono mitupu, kicheko kimeisha. Lemein akaniwekea kibuyu mkononi.

"Mpe," akasema.

Nikamwaga polepole. Maji yalinuka maziwa na moshi. Udongo ukayanywa yote.

Kwa hivyo wewe unayefunga shanta, usichague gari kwa rangi. Chungulia chini. Na mzigo unaoupenda, ugawe.

Ule mfereji bado uko hapo kando yake, mkavu. Nawauliza wakubwa kila wakija kuomba kura: maji ya Zambia yamefika hapa kwa treni, lori, basi na kibuyu. Hayo yenu yamepanda gari gani?