Maji Yamesimama Katika Nchi ya Vinamasi

Saa kumi na moja alfajiri, siku ya Pasaka, Wylma Budarowa anashuka ukingoni mwa mfereji na mtungi wa udongo, midomo ameibana. Kwa Wasorbia, kabila dogo la Waslavi wa hapa Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, maji ya Pasaka huponya, ila lazima yatekwe kwenye mkondo unaotembea, kabla ya jua, bila kutamka neno. Ukisema tu, umebeba maji ya soga, hayaponyi kitu.

Jirani yake, Mjertyn, amejibanza nyuma ya mti, na kwa desturi kazi yake ni kumchokoza aseme.

"Wylma! Sketi inaungua!"

Wylma anapiga hatua nyingine kuelekea majini.

"Wee bibi, umekuja kuteka maji au kutafuta mchumba?"

Wylma anamkata jicho, anainama. Jani limekaa juu ya maji. Anasubiri liondoke. Haliondoki.

"Mjertyn, maji yamesimama!"

Mjertyn hacheki. Anakuja mbio na kuchovya mkono.

Wylma, mwenye miaka 58, husukuma mashua ya watalii kwa upondo, na kesho ndiyo anafungua msimu. Zamani alipakia watu ishirini. Mwaka jana ni kumi, na bado mashua ilikwaruza tope. Migodi ya makaa iliyokuwa ikipampu maji kutoka ardhini na kuyamwaga katika mto unaoulisha mfereji inafungwa, na mvua nazo ni za kubahatisha.

"Usingizi siujui tena," anasema, akiutazama mtungi mtupu. "Mfereji ukifungwa nitakwenda wapi? Kwa umri huu nani ataniajiri?"

Kinachomtia hofu zaidi ni swali la abiria: jina Lausitz limetoka wapi? Huwajibu kwa fahari kwamba ni Łužyca ya mababu, kutokana na neno lao la kale la kinamasi. Nchi ya vinamasi.

"Mwaka jana mzee mmoja wa Berlin akatazama lile tope, akaniuliza, 'Viko wapi hivyo vinamasi, mama?' Nilitamani ardhi inimeze."

"Basi tuiite nchi ya vumbi," Mjertyn anatania.

"Jina halina miguu, Mjertyn. Litabaki. Sisi ndio tutakaohama."

Mjertyn anajipangusa mkono uliolowa.

Kesho Wylma atapakia watu wanane tu. Na wakiuliza maana ya jina?

"Nitawaambia vilevile," anasema. "Halafu tukikwama, nitawaomba wavue viatu, washuke tusukume wote."