Mkono wa Kuvuta Pumzi

Taksi ilipopinduka mtaani Sydenham, bega langu lilivunjika, mishipa ya fahamu ikang'oka shingoni. Mkono ukaning'inia kama soksi. Dokta akanipasua, akachukua mishipa ya fahamu ya mbavuni, ile ya kuvutia pumzi, akaiunga mkononi. Halafu akaniambia kwa ile sauti yake ya puani, akiniita bibi kwa Kizulu: "Gogo, kila siku vuta pumzi kwa nguvu. Iko siku kiwiko kitajikunja."

Eish, nilimcheka! Mkono uko na pua? Sikufanya hata siku moja. Akiniuliza, nadanganya: "Navuta, dokta, mpaka majirani wanalalamika."

Miezi ikapita. Siku moja kwenye foleni ya hospitali nikawa nawaigizia wagonjwa wenzangu vile dokta anaongea. Nikatoa kifua, nikajaza pumzi: "Gogooo, vuta!"

Kiwiko kikajikunja. Kugeuka, dokta huyu hapa nyuma yangu.

"Rudia," akasema.

Nikavuta kwa adabu, kama mama wa kanisa. Mkono haukutikisika.

"Si hiyo, Gogo. Rudia ile ya kunicheka."

Basi nikamwigiza mbele ya macho yake, aibu imenijaa, machozi yananitoka, na mkono ukapanda.